Kibaba cha Nani?



Kwa miezi mitatu sasa, kila siku ya mshahara, tumewaona vijana wawili wenye fulana mpya wamesimama na meza yao ndogo langoni mwa kiwanda. Hawauzi matunda wala viatu. Wanauza karatasi. Karatasi hiyo yasema kwamba mfanyakazi akitia saini atapata mahitaji ya nyumba yake kwa bili moja: tokeni za stima, mtungi wa gesi unaoletwa mpaka mlangoni, intaneti ya nyumba na televisheni. Bili hiyo itakatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Tena atapewa kadi, na katika kila shilingi 100 atakazolipa atarudishiwa shilingi 5 ndani ya kadi. Mwisho wa karatasi, kwa herufi kubwa, pameandikwa kwamba atakayechukua kifurushi cha shilingi 4,500 kwa mwezi ataokoa shilingi 2,700 kwa mwaka. Vijana hao wakiulizwa maswali mengi hujibu kwa methali: haba na haba hujaza kibaba.

Wanachama wengi wametuuliza kama jambo hili ni la kweli. Wengine wamekwisha kutia saini. Zaidi ya hayo, wenye mpango huo wameiandikia Halmashauri wakitaka Chama chetu kiuunge mkono, na wameahidi kukilipa Chama kamisheni kwa kila mwanachama atakayejiunga. Barua yao itasomwa katika mkutano wa tawi, na wanachama watapiga kura. Kwa hiyo yafaa tuseme wazi maoni yetu, ili kila mmoja apate nafasi ya kufanya hesabu yake mwenyewe kabla ya siku hiyo.

Hatusemi kwamba vijana wale ni waongo. Nao ni wafanyakazi kama sisi, wanatafuta chakula chao. Wala hatusemi kwamba zile shilingi 2,700 hazitaingia katika kadi. Zitaingia. Tunalouliza ni hili: kabla ya shilingi hizo kurudi, zitakuwa zimetoka ngapi?

Tazameni hesabu ya mwanachama mmoja aliyetuletea daftari lake. Jina lake twaliweka kwetu. Mwezi uliopita alinunua tokeni za stima za shilingi 900, gesi ya mtungi mdogo shilingi 1,200, maji ya mitungi shilingi 300, na muda wa maongezi pamoja na data ya simu shilingi 600. Jumla ni shilingi 3,000. Hana televisheni ya kulipia, wala intaneti ya nyumba.

Sasa tumtie katika mpango. Stima ni shilingi 900 zilezile. Gesi inayoletwa mlangoni ni shilingi 1,350. Intaneti ni 1,500, televisheni ni 600, na ada ya huduma ni 150. Jumla ya bili ni shilingi 4,500. Atarudishiwa tano katika kila mia, yaani shilingi 225, na kwa miezi 12 hizo ni zile shilingi 2,700 za herufi kubwa. Lakini maji hayamo katika kifurushi, kwa hiyo atalipa shilingi 300 zake kama zamani. Na kwa kuwa intaneti ya nyumba haimfuati kazini wala njiani, atanunua bado muda wa maongezi wa shilingi 300. Toa yale marejesho, jumlisha haya mengine, na utaona kwamba mwezi wake sasa ni shilingi 4,875. Zamani ulikuwa shilingi 3,000. Tofauti ni shilingi 1,875 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 22,500.

Basi ndugu yetu huyu ameokoa shilingi 2,700, na ili aziokoe ametoa shilingi 22,500 ambazo hapo awali hakuwa akizitoa. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ila moja imeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na ya pili haikuandikwa mahali popote.

Mtu atatujibu, "Lakini sasa ana intaneti na televisheni, na watoto wanasoma na kutazama mpira." Ni kweli, na hatumkatazi mtu raha ya nyumba yake. Akitaka televisheni na anunue, ni haki yake. Lakini na aseme amenunua televisheni. Asiseme ameweka akiba. Kununua ni kununua, na akiba ni kitu kingine.

Tumchukue mwanachama wa pili, ambaye tayari alikuwa na intaneti ya 1,500 na televisheni ya 600. Huyu haongezi kitu kipya. Zamani alilipa stima 900, gesi 1,200, intaneti 1,500, televisheni 600, maji 300 na simu 300: jumla shilingi 4,800. Akiingia katika mpango atalipa zile 4,875, baada ya kurudishiwa. Yaani hata yeye, ambaye mpango huu ungemfaa kuliko wote, amepoteza shilingi 75 kila mwezi. Sababu ni nyepesi. Gesi imepanda kwa shilingi 150, na ada ya huduma ni shilingi 150. Ametoa shilingi 300 kwa mkono wa kulia, na amepokea shilingi 225 kwa mkono wa kushoto. Ile ada ingefutwa, angepata faida ya shilingi 67 na senti 50. Basi twaona kwamba mpango wa namna hii waweza kumfaa mtu, lakini ni yule tu anayenunua vitu vyote hivyo tangu zamani, na kwa bei zisizozidi zile za dukani.

Hapa yafaa tujue marejesho yanatoka wapi. Hakuna mfanyabiashara anayetoa fedha asizozipata. Bei ya stima hapa Kenya haipangwi na wakala. Huidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Ukinunua tokeni kwa simu yako, au dukani, au kupitia kifurushi, uniti ni ileile na kodi ni ileile. Kwa hiyo katika stima wenye mpango hawana nafasi kubwa ya kupunguza. Wakitaka kukurudishia shilingi 5 katika mia, hawana budi kuzitafuta katika vitu vingine, na vitu hivyo ni bei ya gesi, intaneti na ada. Fedha zinazorudi ni zako mwenyewe. Zimekwenda matembezi na zimerudi zimepungua.

Huko Uingereza mipango ya stima, gesi, simu na kadi ya marejesho kwa bili moja imekuwapo kwa miaka mingi. Lakini huko mambo ni tofauti kidogo. Tangu 1999 kila nyumba yaweza kuchagua kampuni ya kuiuzia stima, na kampuni hushindana kwa bei. Tena tangu Januari 2019 serikali yao imeweka kikomo cha bei ya stima na gesi kwa nyumba zilizo katika bei ya kawaida. Kwa hiyo mtu wa huko aweza kulinganisha kampuni hii na ile, na pengine akapata nafuu ya kweli katika stima yenyewe. Sisi hapa hatuna uchaguzi huo. Mpango ulioshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine hauwezi kutukaa sawasawa.

Kama twataka nafuu ya stima, na tuitafute palipo na nafuu. Katika bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023, watumiaji wa nyumbani waligawanywa kwa madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, waliozidi 30 mpaka 100, na waliozidi 100. Daraja la chini lilipewa bei ya chini. Sasa wanachama wetu wengi wanakaa katika nyumba za kupanga zenye mita moja kwa vyumba vingi. Vyumba vinane, kila kimoja kikitumia uniti 25, ni uniti 200 katika mita moja. Kila mpangaji peke yake ni mtu wa daraja la chini, lakini wote pamoja wamehesabiwa kuwa mtu mmoja wa daraja la juu. Na pale mwenye nyumba alipoweka mita zake ndogo na bei yake mwenyewe, mpangaji hulipa hata zaidi. Wapangaji wa ploti moja wakikutana na kumwendea mwenye nyumba kwa heshima, wakamtaka kila chumba kipate mita yake, watapata nafuu ambayo hakuna kadi itakayowapa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi, kama Chama cha wafanyakazi, twaliona kuwa kubwa kuliko zile shilingi 75.

Mfanyakazi anapolipa kila kitu peke yake, mwezi mbaya ukija hujua la kufanya. Mtoto akiugua, au saa za ziada zikikatwa, husema, "Mwezi huu hakuna televisheni. Tutapikia makaa kidogo. Tutanunua tokeni za shilingi 200." Hupunguza hapa na pale mpaka mwezi upite. Huo ndio ujuzi wa kila nyumba ya mtu wa mshahara mdogo, na mama zetu na wake zetu wanaujua kuliko mwanauchumi yeyote. Lakini mzigo uliofungwa kwa kamba moja haupunguzwi. Ama ulipe wote, ama uukose wote. Tumeisoma karatasi yao, na masharti yake ndiyo hayo: bili ikikosa kulipwa kwa siku 7, huduma zote husimamishwa pamoja, na marejesho yaliyomo katika kadi hufungwa mpaka deni liishe.

Fikirini mshahara ukichelewa. Fikirini mgomo. Wazee wetu katika Chama hiki wanajua kwamba katika mgomo tajiri hashindi kwa maneno yake. Hushinda kwa njaa yetu. Yeye hungoja. Mfanyakazi aliyejifunga kwa makato ya mshahara, ambaye siku ya 8 nyumba yake itakuwa haina stima, wala gesi, wala intaneti, ataweza kungoja siku ngapi? Hatusemi kwamba mpango huu umetengenezwa kwa kusudi hilo. Twasema kwamba kazi hiyo itafanyika, liwe kusudi au lisiwe.

Tena kumbukeni kwamba makato tayari ni mengi. Kuna kodi ya mapato, kuna akiba ya uzeeni ya NSSF, kuna ada ya nyumba ya asilimia 1.5, na tangu Oktoba 2024 kuna bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75. Wengi wana na mkopo wa SACCO. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 19, yasema makato yote ya mwajiri yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja hiyo iliyobaki ndiyo nauli, ndiyo unga, ndiyo kodi ya chumba. Sheria hiyohiyo yaruhusu mwajiri akate fedha za mambo mengine mfanyakazi akiomba kwa maandishi, ikiwa mwajiri hana faida katika jambo hilo. Yaani saini yako ndiyo ufunguo wa mshahara wako. Usimpe mtu ufunguo kwa sababu ya fulana nzuri na methali. Na kifungu cha 17 chamkataza mwajiri kumlazimisha mfanyakazi kutumia mshahara wake mahali ambapo mwajiri mwenyewe anapata faida. Halmashauri imemwandikia mwajiri kumwuliza kama ana hisa au kamisheni katika mpango huu. Jibu likija litasomwa mkutanoni.

Na ile kadi yenyewe? Marejesho yake hayatoki kuwa fedha taslimu. Hukaa ndani ya kadi, na hutumika tu katika maduka yaliyoandikwa nyuma yake. Wengi wetu tunakumbuka duka kubwa la Nakumatt, lililokuwa na kadi yake ya pointi. Watu walikusanya pointi kwa miaka. Januari 2018 duka hilo liliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, na Januari 2020 waliolidai walipiga kura lifungwe kabisa. Aliyekuwa hajatumia pointi zake alibaki na kadi ya plastiki isiyo na duka. Fedha zilizo mkononi ni fedha. Pointi ni ahadi, na ahadi huishi muda ule anaoishi aliyeitoa.

Pengine mtatuuliza, je, hakuna marejesho mema? Yapo, na walioyafanya yajulikane ni wafanyakazi. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao wenyewe kwa mtaji wa pauni 28. Waliuza unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa. Waliuza kwa bei ya soko na kwa kipimo cha haki, na faida iliyopatikana waligawana kila mtu kwa kadiri alivyonunua. Hayo nayo yalikuwa marejesho. Lakini tofauti yake ni kubwa. Duka lilikuwa lao. Vitabu vya hesabu vilikuwa vyao, na kila mwanachama aliweza kuuliza senti hii imekwenda wapi. Kilichorudi kilikuwa faida ya kazi yao, wala si makombo yaliyotupwa na mtu mwingine baada ya kushiba. Vyama vya ushirika vya Kenya, pamoja na SACCO zetu, vimefuata njia hiyohiyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali ni ya kweli, na sisi twaipenda. Ila anayeitumia na aseme kibaba ni cha nani.

Kwa hiyo, ndugu, maoni yetu ni haya.

Kwanza, Chama kisipokee kamisheni. Chama kinachokula kwa kila saini ya mwanachama hakiwezi tena kumwambia mwanachama asitie saini. Tukizikubali fedha hizo leo, kesho tutakuwa wachuuzi langoni pamoja na wale vijana wawili, na mwanachama atabaki bila wa kumwuliza.

Pili, Chama hakimkatazi mtu yeyote kujiunga kwa hiari yake. Lakini twamwomba kila mwanachama aandike kwanza matumizi ya nyumba yake kwa miezi mitatu, kila kitu, mpaka kiberiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha alinganishe jumla ya mwezi wake wa sasa na jumla ya mwezi wake akiwa ndani ya mpango, pamoja na vitu vyote ambavyo kifurushi hakina. Asitazame kiasi kinachorudi. Atazame kiasi kinachotoka. Ikiwa jumla itapungua, na masharti yanamruhusu kutoka atakapo, basi na ajiunge, nasi tutamtakia heri.

Tatu, waliokwisha kutia saini walete karatasi zao kwa wawakilishi wetu kazini. Karatasi tuliyoisoma yatoa siku 14 za kujitoa bila faini, kuanzia siku ya saini, kwa barua. Kuna watu waliotia saini siku ya mshahara iliyopita ambao siku zao bado hazijaisha. Wasione haya. Wawakilishi watawasaidia kuandika barua hiyo, na nakala moja itabaki ofisini.

Nne, kama kweli twataka nafuu kwa kununua pamoja, na tununue pamoja sisi wenyewe. Twapendekeza mkutano uchague watu watano waulize bei ya gesi kwa wauzaji mbalimbali wa mjini, kwa mitungi 100 badala ya mmoja. Bei ya gesi hutofautiana kutoka duka hadi duka, na anayenunua mitungi 100 husikilizwa. Nafuu hiyo ikipatikana itaonekana siku ileile ya kununua, kwa fedha taslimu, bila kadi.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi wetu wa kawaida. Njooni na madaftari yenu. Na waume kwa wake waje pamoja, kwa maana anayejua bei ya unga na gesi katika nyumba nyingi si yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya mshahara.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, kwa niaba ya Halmashauri